Waliosema Fundi Yu Hai

Harufu ya mashudu ya pamba si harufu ya kumfanya mtu asimame barabarani. Ni nzito, ya mafuta, ina joto fulani kama karanga zilizokaribia kuungua. Juzi nilikuwa napita nyuma ya soko, vyeti vyangu nimevikumbatia kifuani, nikitoka ofisi moja ambako niliambiwa nisubiri kupigiwa simu. Upepo ukaileta. Nilisimama ghafla hata mtu aliyekuwa nyuma yangu akanikanyaga kisigino, akasema, "Dada, tembea basi." Sikuweza kutembea. Nilikuwa najiuliza kwa nini watu wengine wakinusa mashudu hukumbuka ng'ombe, na mimi nikinusa hukumbuka sinema.

Najua kwa nini. Tatizo langu halijawahi kuwa kutojua. Ni kwamba nikishajua naendelea kuwaza.

Baba yangu alikuwa fundi mitambo katika jineri ya ushirika, kiwanda cha kuchambulia pamba, pale Bariadi, enzi ambazo Bariadi ilikuwa bado mkoa wa Shinyanga. Alirudi nyumbani jioni ananuka mashudu na grisi, kitambaa cheusi kimening'inia mfuko wa nyuma, nyuzi za pamba zimemkaa kwenye nyusi kama mzee. Nilikuwa nikimtoa zile nyuzi moja moja. Alikuwa anafumba macho na kuniita mayu, yaani mama: "Vuna, mayu, vuna."

Halafu wakaja wanunuzi binafsi. Wenzangu wa rika langu wa kule watakumbuka malori yale, kila moja na rangi yake, yakienda mpaka Nkoma na Nkololo kuwafuata wakulima majumbani. Watu walishangilia. Pamba ililipwa palepale, na madukani vikajaa vitu ambavyo tulikuwa tukivisikia tu: redio kubwa, mashati yanayong'aa, televisheni. Neno la siku zile lilikuwa soko huria, na mimi nilidhani ni soko fulani lililojengwa mahali, nikawa nauliza lini tutakwenda. Jineri ya ushirika ikakosa pamba. Mwanzoni ilifanya kazi siku moja moja, halafu ikanyamaza. Sote mtaani tulikuwa tumezoea mngurumo wake kiasi kwamba uliponyamaza, mdogo wangu mchanga alishindwa kulala.

Baba alikaa nyumbani akitengeneza baiskeli za watu. Kisha akaenda machimboni, kwenye dhahabu. Alisema atarudi kabla ya palizi. Palizi ikapita. Mtu mmoja wa Lalago akaleta salamu kwamba amemwona, amekonda lakini mzima. Baada ya hapo palikuja habari nyingine, ambayo haikuletwa nyumbani kwetu. Ilizunguka tu mtaani: shimo limetitia, watu wamefukiwa, majina hayajulikani. Nyumbani hakuna aliyeitamka. Bibi, mama yake baba, aliendelea kumwekea ugali kwenye bakuli lake. Mama aliendelea kuusonga.

Sasa sinema. Mzee Salehe alikuwa mfanyabiashara mwenye asili ya Tabora, duka lake likiuza betri, khanga na taa za chemli. Nyuma ya duka alikuwa na chumba alichoziba madirisha kwa magunia, na uani jenereta iliyotoa moshi na kufoka kama mama wa kambo aliyekasirika. Jumapili mchana, watu wakitoka kanisani, tulijaa humo. Alikuwa na kanda za kila namna, lakini zilizopendwa kuliko zote zilikuwa zile za watu wa anga: kapteni mmoja mwenye taya pana, chombo chake kikubwa kama kanisa, na maadui wenye ngozi ya mjusi. Zilikuwa kanda kadhaa, moja ikiendeleza nyingine. Mzee Salehe alisimama kando ya televisheni na kututafsiria. Sidhani alikuwa anajua Kiingereza kingi. Kapteni wake alikuwa anaapa kwa Mungu, na kabla ya vita aliwauliza askari wake kama wameshakula.

Mwisho wa kanda moja, baada ya majina kupita na watu kuanza kunyanyuka, kikatokea kitu kingine. Kijisinema kifupi. Nguo zilikuwa zilezile, nembo ileile kifuani, lakini kapteni hakuwepo wala mijusi. Palikuwa na fundi mmoja tu. Ameachwa peke yake katika kituo kwenye nchi ya udongo mwekundu, atengeneze mtambo, na chombo kimeahidi kumrudia. Anakaza nati. Anakula kitu kwenye kopo. Anaita kwenye redio, redio inakwaruza. Ukutani amebandika picha ya mwanamke. Anaendelea kuita, na sauti yake inazidi kuwa ndogo. Halafu siku moja anasikia mlango unagongwa, au anadhani anasikia. Anavaa kofia yake yenye taa, anafungua, mwanga mweupe unajaa kioo kizima. Mwisho.

Mzee Salehe alikuwa amekosa la kutafsiri. Alisema tu, "Basi, ndugu zangu. Ndivyo hivyo."

"Ndivyo hivyo vipi?" akauliza Masanja, mpakiaji wa marobota ya pamba, mtu mwenye shingo kama ya fahali. "Vita iko wapi? Tumekuja kuona vita, tunaoneshwa mtu anakula kopo!"

"Kapteni amelala," mtu akasema, watu wakacheka.

"Kanda imekatika hii. Mzee umepigwa."

"Kanda yangu haijakatika!" Mzee Salehe akafoka. "Hii imetoka Dar, nzima, na nailoni yake!"

"Sasa huyo fundi amekuwaje?"

"Kafa," akasema Masanja. "Ule mwanga ni roho inatoka. Kwani nyie hamjaona mtu akifa?"

Baba mdogo wangu, Maduhu, akasimama. Alikuwa kijana mwembamba mwenye maneno mengi, na ndiye aliyekuwa akinipeleka mle ndani kwa sababu Bibi hakutaka kijana wake abaki peke yake na sinema za kizungu. "Kafaje? Umemwona ameanguka? Mtu hafi amesimama, si mti."

"Hata mti ukifa hubaki umesimama, Maduhu."

Chumba kizima kikalipuka kwa kicheko. Baba mdogo hakucheka. Akasema, taratibu kuliko kawaida yake, "Wamemfuata. Mlango umegongwa. Wamekuja kumchukua."

Mimi nilikuwa nimekaa chini mbele kabisa. Sikuwa mjinga, nilijua yule Mzungu si baba. Lakini alikuwa na kitambaa mfuko wa nyuma. Alikuwa fundi aliyeachwa kwenye udongo mwekundu, na nilishaambiwa na watoto wenzangu kwamba machimboni watu huvaa taa kichwani na udongo wa kule ni mwekundu kama damu ya kuku. Akili ya mtoto haihitaji zaidi ya hapo. Sikudhani ni yeye. Nilidhani ni jambo lake. Kwamba shauri lake baba liko mle ndani ya kanda, na litakavyoamuliwa pale ndivyo litakavyokuwa.

Ubishi ule haukuisha. Ulitoka chumbani ukaenda kisimani, kilabuni, kwenye foleni ya kusaga. Watu walioitazama waliwasimulia ambao hawakuitazama, nao wakawa na maoni makali zaidi. Mama mmoja wa kwaya alisema ule mwanga ni utukufu na fundi amenyakuliwa. Dobi mmoja alisema fundi hajawahi kuwepo, ni ndoto ya kapteni. Wengine walilaumu tu: kwa nini watengeneze kipande kisicho na mwisho na kukibandika kwenye sinema nzuri, si kumharibia mtu mlo wake? Lakini Jumapili iliyofuata watu waliomba kile kipande tena kabla hata ya sinema kubwa. Nami nilikuwa naangalia nani anasema kafa, na niliacha kumwamkia. Masanja alinisalimu, "Mwadila, mayu," nikapita kama sikusikia.

Siku zile zilikuwa za baada ya mavuno, majira ya ngoma. Kwa asiyejua, kwetu ngoma ni mashindano. Bagika upande huu, Bagalu upande ule, wanacheza kwa wakati mmoja uwanja mmoja, na hakuna mwamuzi wala alama. Watu ndio wanaoamua kwa miguu. Ukivutiwa na upande huu unakimbilia huku, manju wa kule, kiongozi wa ngoma yao, akikuchekesha unakimbilia kule, na mwishoni upande wenye watu wengi ndio ulioshinda. Bibi alikuwa Mgalu wa damu. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba manju anayeshinda ameshinda kwa dawa, na mwenye dawa kali akiimba jambo, jambo hilo huwa.

Kwa hiyo Mzee Salehe, aliyechoka na watu wanaokunjana mashati mlangoni pake, alipopaza sauti Jumapili moja na kusema, "Nendeni uani mkaamue kama mnavyoamua ngoma zenu, mniache nifanye biashara!" kila mtu alielewa, na kila mtu alifurahi. Lilikuwa wazo la mgeni, alilolisema kwa hasira, lakini lilitukaa kama nguo ya kupimiwa.

Waliosema fundi yu hai walikwenda upande wa ukuta. Waliosema kafa walikwenda upande wa jenereta. Mtu akageuza dumu la mafuta na kuanza kulipiga. Baba mdogo akachukua sufuria kuukuu, akaivaa kichwani, akaanza kutembea kama fundi wa anga, magoti juu, akiimba kwa Kisukuma kwamba amesikia hodi, ameacha kopo lake likiwa na mchuzi, anakuja nyumbani, nani amemwekea maji ya kuoga? Watu wakamkimbilia. Upande wa pili Masanja akajilaza chali, akaamuru wenzake wanne wambebe kama maiti, naye akiwa juu akawa anawaelekeza, "Polepole, nyie, marehemu ana mgongo!" Watu wakamkimbilia yeye.

Nilikuwa nawavuta watu kwa nguo. Nilimvuta dobi. Nilimvuta mama wa kwaya nikamwambia aliyenyakuliwa hajafa, akafikiri kidogo, akahamia kwetu. Niliwavuta watoto wenzangu, hata wa darasa la juu. Walidhani nacheza. Watu wazima walinipisha wakicheka: "Huyu mtoto wa Maduhu ana dawa huyu!" Sikuwa mtoto wa Maduhu.

Ndipo mama akatokea kwenye lango la uani. Alikuwa anatoka kuchota maji, ndoo kichwani, mdogo wangu mgongoni, na nadhani alikuwa amekuja kunitafuta tu. Alisimama kutazama. Mtu akamweleza kinachoendelea. Nilimwona anainamisha kichwa kusikiliza chini ya ndoo, bila tone kumwagika.

Baba mdogo alikuwa amelewa na ushindi wake. Akapiga kelele, sufuria ingali kichwani, "Shemeji! Njoo huku! Huku kwetu kuna uhai!"

Dumu likanyamaza. Hakuna aliyelinyamazisha, mpigaji mwenyewe alisikia. Watu wote mle uani walikuwa wanajua habari ya shimo, na wote walikuwa wanajua kwamba mama hajaitamka. Na jambo ambalo mimi sikulijua, wao walilijua: wazee wa ukoo walikuwa wamemwambia mama kwamba mume wake yu hai mpaka ithibitike vinginevyo, kwamba ng'ombe wa mahari walishafika kwao Nkololo zamani, kwamba mke hangojei kwa baba yake, hungojea kwa mumewe. Alikuwa ameomba kurudi kwao akalime, wakamkatalia. Kama baba yu hai, mama alikuwa wa pale. Angekuwa wa pale mpaka azeeke, akisonga ugali wa bakuli ambalo hakuna mtu anayelifunua.

Mama akatua ndoo chini. Akatembea katikati ya uwanja, akanipita bila kuniangalia, akaenda kusimama upande wa jenereta.

"Shemeji," akasema baba mdogo, akivua sufuria. "Hiyo ni sinema."

"Najua ni sinema. Hata mimi natoa maoni ya sinema."

"Lakini hujaitazama."

"Nimeitazama. Nilikuja Alhamisi, Mzee Salehe alinifungulia bure." Mzee Salehe akatazama chini. Mama akaendelea, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeeleza njia ya kwenda mahali: "Yule mwanamke wa kwenye picha, mlimwona? Yuko ukutani mwanzo mpaka mwisho. Mnabishana juu ya mwanamume, hai, kafa, hai, kafa. Hamna aliyeuliza yule mwanamke anashuka lini."

Masanja, aliyekuwa bado ameshikiliwa juu kama maiti, akasema kwa unyonge, "Nishusheni, jamani."

 Lakini mashindano ni mashindano. Mtu akaguna, mwingine akahesabu kwa macho, na ilikuwa wazi kwamba upande wa ukuta ndio uliojaa. Tulikuwa tumeshinda. Wachache walishangilia kwa aibu. Mimi nilishangilia kwa nguvu zangu zote. Nilirukaruka mpaka viatu vikanitoka. Sikuelewa kwa nini baba mdogo, aliyeshinda, anajifuta macho kwa kiganja.

Wiki hiyohiyo wazee walimwita mama. Nilisikiliza nikiwa nje, nyuma ya kihenge.

"Mume hajafa, nyumba unaiachaje?" mzee mmoja aliuliza.

"Kama hajafa, nileteeni," mama akajibu. "Mkinipeleka kwake au mkimleta kwangu, nakaa. Mkishindwa, ninyi ndio mtakuwa mmesema hayupo."

Walizungumza ng'ombe muda mrefu. Mwishowe wakachoka, au labda hawakuwa na ukali waliojidai kuwa nao. Nimeliwaza hili sana na bado sijui. Mjomba akaja na mkokoteni wa ng'ombe kutoka Nkololo, asubuhi, umande ukiwa bado majanini. Vyombo vya mama vilikuwa vichache hata mkokoteni ulionekana mkubwa kupita kiasi. Mdogo wangu aliketishwa juu ya godoro. Mama akaninyooshea mkono.

"Panda, Kabula."

"Siendi."

"Panda, mwanangu. Tutakuja kumsalimu Bibi."

"Baba akija atakuta nani?"

Alinitazama. Nilikuwa nimesimama mlangoni, mikono nimeshika miimo yote miwili. Nilikuwa nimetulia kabisa. Hilo ndilo ninalolikumbuka zaidi, utulivu wangu. Nilimhurumia. Niliona kwamba alichagua vibaya pale uani na sasa anaondoka kama wanavyoondoka walioshindwa ngoma, mapema, bila kuimba, wakiwa wamebeba vitu vyao. Nilitaka kumwambia kwamba bado anaweza kuhamia kwetu, kwamba kwenye ngoma watu huhama mpaka dakika ya mwisho. Sikusema. Nilidhani ataliona mwenyewe.

Akaushusha mkono wake. Bibi alikuwa nyuma yangu, mkono wake begani kwangu. Mjomba akawachapa ng'ombe.

Nilikua hapo. Mama niliendelea kumwona sikukuu na likizo. Alinipa karanga na kunisuka nywele, na tulizungumza vizuri, kwa adabu, kama watu wa ukoo wanaokaa mbali. Sikurudi kwake, naye hakuniomba tena. Alilima, akapata maisha mengine na watoto wengine. Pale kwa Bibi tuliendelea kushinda. Kila mwaka baba alipohesabiwa hai, tulishinda. Mzee Salehe alifunga duka akahamia Mwanza. Dobi akafa. Masanja, ambaye sikuwahi kumwitikia, alihamia kwa wanawe, na siku ya kuondoka alipita kuniaga nikamjibu kwa mara ya kwanza, na yeye akashukuru kama nimempa kitu. Bibi akaacha kuweka bakuli, bila kutangaza, siku moja tu halikuwepo mezani. Mwaka uliofuata tukamzika. Nikaenda chuo kikuu nikijaza kwenye kila karatasi neno "hai" mbele ya jina la baba, na kila mara kalamu ikisita nikiogopa kwamba safari hii watauliza.

Jana baba mdogo alinipigia simu. Mara ya mwisho nilipomwona, nywele zake zilikuwa za mzee. Aliuliza habari za kazi, nikasema nasubiri, akasema Mungu atasaidia. 

"Mayu," akasema, "wazee tumekaa. Tunataka tumalize msiba wa kaka. Tuchinje, watu wanyoe, yaishe. Mama yako kule Nkololo amekubali kuja kwa heshima. Wewe ndiye mkubwa wa nyumba ile. Tunasubiri neno lako tu."

"Na wewe, baba mdogo?"

Nilisikia ng'ombe upande wake, na mtu akimwita mtoto.

"Mimi nimechoka, Kabula," akasema. "Nilikuwa nangoja nisiwe wa kwanza kuhama upande."

 Nilikuwa natafuta mtu wa kumvuta nguo, na nilipita majina yote kichwani, moja moja, uani kote.

"Kabula? Upo?"

Nikamwambia nipo.